Shehena na Chombo: Usambazaji wa Faili Kubwa za Data katika Mfumo Huria wa Debian na Mafunzo Yake kwa Hazina za Kiswahili



1. Utangulizi

Awali ya yote natoa shukrani kwa heshima niliyopewa ya kutoa mhadhara huu. Yamkini wapo miongoni mwenu waliotarajia nizungumzie fasihi au isimu kwa maana iliyozoeleka. Leo nitazungumza juu ya faili, seva na vifurushi. Nawaomba mnivumilie, kwa sababu ninaamini kwamba suala hili linaigusa taaluma yetu kwa karibu kuliko linavyoonekana mwanzoni.

Wataalamu wa Kiswahili tumezoea kuuliza maswali matatu kuhusu data: imekusanywa wapi, kutoka kwa nani, na kwa mbinu gani. Lipo swali la nne ambalo aghalabu hatuliulizi: data hiyo itamfikiaje mtu ambaye hakuwapo ilipokusanywa, katika mji mwingine, miaka ishirini baadaye, wakati mradi umekwisha na fedha zimekwisha? Tasnifu zetu zina sura nzima juu ya ukusanyaji wa data. Sura juu ya usambazaji wake ni nadra kuiona.

Hoja yangu kuu ni hii: namna data inavyofungashwa na kusambazwa ndiyo inayoamua nani ataweza kuitumia, nani ataiamini, na itaishi kwa muda gani. Kwa hiyo ufungashaji si kazi ya ukarani inayofuata baada ya utafiti kukamilika. Ni sehemu ya utafiti wenyewe.

Ili kuithibitisha hoja hii nitatumia mfano wa Debian, mfumo huria wa uendeshaji wa kompyuta ulioanzishwa na Ian Murdock tarehe 16 Agosti 1993. Nimeuchagua kwa sababu tatu. Kwanza, umeishi zaidi ya miaka thelathini ukiendeshwa na watu wanaojitolea. Pili, mijadala yake mingi hufanyika hadharani, kwa hiyo sababu za maamuzi mengi zinaweza kusomwa na yeyote. Tatu, ndani ya hifadhi yake tayari kuna data za Kiswahili, jambo ambalo wengi wetu hatulijui.

2. Maneno machache ya istilahi

Kabla ya kuendelea hatuna budi kukubaliana juu ya maneno. Kwa "mfumo wa uendeshaji" nina maana ya jumla ya programu zinazoiwezesha kompyuta kufanya kazi na kupokea programu nyingine. Kwa "programu huria" nina maana ya programu ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuisambaza. Hapa Kiswahili kina bahati. Waingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa, na wamelazimika kueleza tofauti hiyo kwa miaka mingi. Sisi tuna "bure" na tuna "huru", na hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayeyachanganya. Chakula cha bure si lazima kiwe chakula huru. Anayekupa anaweza kukukataza usimgawie jirani.

"Kifurushi" ni faili moja iliyobeba programu au data pamoja na maelezo yake: jina, toleo, msimamizi, ukubwa, na vifurushi vingine inavyovihitaji. "Hifadhi" ni mahali panapowekwa vifurushi vyote. "Kioo" ni seva yenye nakala kamili au ya sehemu ya hifadhi hiyo, iliyowekwa karibu na watumiaji ili wasilazimike kuvuka bahari kila wanapohitaji kitu.

Kuna pia "kupakia" na "kupakua", maneno yaliyotoka bandarini na jikoni yakaingia katika kompyuta bila taabu. Shehena hupakiwa chomboni na kupakuliwa gatini. Wali hupakuliwa chunguni. Maneno haya yana hekima yake: yanatukumbusha kwamba mzigo na chombo ni vitu viwili tofauti. Mada yangu yote imejengwa juu ya tofauti hiyo.

3. Ukubwa kama tatizo

Programu nyingi ni ndogo. Data ndizo kubwa. Mchezo wa kompyuta wenye picha za milima na majengo, mkusanyo wa herufi za kuchapia vitabu, ramani za dunia, rekodi za sauti: katika hivi vyote, maagizo yanayoiendesha kompyuta huwa sehemu ndogo tu ya mzigo. Tatizo la kwanza lililowakabili wasimamizi wa Debian lilikuwa la hesabu.

Debian hutengenezwa kwa ajili ya aina mbalimbali za vichakato. Toleo la 12, lililotolewa Juni 2023, lilihudumia aina 9. Programu hutafsiriwa upya kwa kila kichakato, kwa hiyo huwa na vifurushi 9 tofauti. Tuseme programu hiyo imefungashwa pamoja na data za megabaiti 200. Data hizo hazibadiliki kwa kubadilika kwa kichakato: picha ni picha, na orodha ya maneno ni orodha ya maneno. Hata hivyo zitarudiwa mara 9, na hifadhi itabeba megabaiti 1,800 mahali ambapo 200 zingetosha. Kisha mzigo huo utanakiliwa katika kila kioo duniani.

Wakati ndio hasara ya pili. Katika enzi ya modemu za simu zenye kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde, faili ya megabaiti 50 ilihitaji takriban saa mbili kupakuliwa, na hiyo ni pale tu laini isipokatika. Gigabaiti moja ilihitaji karibu saa 40. Kwetu sisi hesabu hii haikuwa ya nadharia. Hadi kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilipoanza kazi mwaka 2009, pwani ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na nchi za nje, na kila megabaiti ilikuwa na bei. Kebo zimeleta nafuu kubwa, lakini mwanafunzi anayenunua bando kwa simu yake bado anajua uzito wa gigabaiti.

4. Njia tatu za kubeba mzigo

Kwa miaka mingi jumuiya ya Debian imetumia au kujadili njia tatu za kukabiliana na mzigo huu.

Njia ya kwanza ni kutenga data na programu. Mwongozo wa watengenezaji wa Debian unashauri kwamba data zisizotegemea kichakato, zikiwa nyingi, ziwekwe katika kifurushi cha pekee kinachotumiwa na vichakato vyote. Ndiyo maana katika hifadhi tunakuta majina kama "0ad" na "0ad-data": la kwanza ni mchezo, la pili ni picha na sauti zake. Hata hivyo, kutenga vifurushi peke yake hakutoshi. Kama programu na data zinatokana na chanzo kimoja, kila programu inaporekebishwa kifurushi cha data nacho hupewa namba mpya ya toleo, na mtumiaji hupakua upya mzigo ambao haukubadilika hata kwa herufi moja. Kwa sababu hiyo data kubwa hupewa chanzo chake, msimamizi wake na kalenda yake. Programu inaweza kubadilika kila mwezi, ilhali data zikabaki kama zilivyo kwa miaka.

Kinyume chake pia ni kweli. Kifurushi kiitwacho "tzdata", chenye kanuni za saa za dunia nzima, ni kidogo sana, lakini hubadilika mara kwa mara kwa sababu serikali hubadilisha saa zao kwa amri. Kingefungwa ndani ya programu moja, kila amri ya serikali ingelazimisha programu nzima kutolewa upya. Kwa hiyo sababu ya kutenga data si ukubwa peke yake, bali ni tofauti ya mwendo wa mabadiliko. Vitu viwili visivyozeeka kwa kasi moja havifai kufungwa katika kifurushi kimoja.

Njia ya pili ni kuziacha data nje ya hifadhi na kumpa mtumiaji programu ya kuzifuata. Mfano mzuri ni Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti. Programu yenyewe imo katika Debian. Faili za Wikipedia, ikiwamo ya Kiswahili, hazimo. Mtumiaji huzipakua kutoka kwa watengenezaji wa Kiwix, au huzipokea kwa rafiki katika diski ndogo ya kuchomeka. Njia hii huipunguzia hifadhi mzigo. Gharama yake ni kwamba Debian haiwezi tena kudhamini kwamba faili hiyo itakuwapo kesho wala kwamba ni halali na salama. Programu isiyoweza kufanya kazi bila kitu kilicho nje ya hifadhi kuu haikubaliwi katika hifadhi hiyo. Huwekwa katika sehemu ya pembeni, pamoja na tahadhari.

Njia ya tatu ilijadiliwa hadharani mwaka 2008, wakati wasimamizi wa hifadhi walipoleta pendekezo la kuwa na hifadhi ya pekee kwa ajili ya vifurushi vikubwa vya data. Wenye vioo wangeweza kuchagua kuichukua au kuiacha, badala ya kulazimishwa kubeba kila kitu. Wazo hilo lina busara: halimnyimi mtu data, wala halimtwishi mtu mzigo asioutaka. Lakini lilizua maswali mazito. Nani ataamua kwamba data fulani ni kubwa mno? Je, kifurushi kilicho katika hifadhi kuu kinaruhusiwa kukitegemea kilicho katika hifadhi ya data? Na mtumiaji aliye mbali na kioo chenye data atahesabiwa kuwa amepewa mfumo kamili au nusu yake?

Maswali haya si ya kifundi tu. Ndiyo maswali yale yale ambayo maktaba ya chuo hujiuliza inapoamua ni vitabu gani vipelekwe kila tawi na vipi vibaki makao makuu. Mwanafunzi wa tawi la mbali ndiye hulipa gharama ya uamuzi huo.

Fauka ya hayo, kuna mpaka ambao hakuna mjadala unaoweza kuuondoa kwa maneno. Muundo wa kifurushi cha Debian umerithi umbo la kumbukumbu la zamani ambalo huandika ukubwa wa kila sehemu kwa tarakimu kumi za desimali, basi. Sehemu ya data haiwezi kuzidi baiti 9,999,999,999. Kwa orodha ya maneno, huo ni upana wa bahari. Kwa sauti, sivyo. Tukirekodi mazungumzo kwa sampuli 16,000 kila sekunde, na kila sampuli ikachukua baiti 2, saa moja ni baiti 115,200,000. Kifurushi kimoja kitajaa kabla ya saa ya 87. Kuzibana faili kutasogeza mpaka huo mbele, lakini mtafiti wa lahaja anayerekodi kwa bidii ataufikia tu.

5. Mnyororo wa uaminifu

Tumezungumzia mzigo, sasa tuzungumzie imani. Vioo vya Debian huendeshwa na vyuo, kampuni na watu binafsi duniani kote. Mtumiaji hawajui. Atajuaje kwamba kifurushi alichopakua kutoka kwao hakikuchezewa njiani?

Jibu la Debian ni mnyororo. Kila kifurushi hufanyiwa hesabu inayotoa mfuatano mfupi wa tarakimu na herufi. Ikibadilika baiti moja ya kifurushi, mfuatano huo hubadilika. Mifuatano ya vifurushi vyote huandikwa katika faharasa. Faharasa nazo hufanyiwa hesabu hiyo hiyo, na matokeo yake huandikwa katika faili moja ambayo hutiwa sahihi ya kidijitali na wasimamizi wa hifadhi. Kompyuta ya mtumiaji huanza na sahihi, hushuka hadi faharasa, kisha hushuka hadi kifurushi. Kiungo kimoja kikikatika, kifurushi hukataliwa. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2007, ukaguzi huu hufanyika wenyewe kila mtumiaji anapopokea kifurushi.

Wanafunzi wa elimu ya kale ya pwani hawatashangazwa na utaratibu huu. Wanazuoni wamezoea kuuliza habari imepokewa kutoka kwa nani, naye kwa nani, hadi kwenye asili. Msimulizi mmoja asiyeaminika huidhoofisha habari yote. Tofauti ni kwamba katika mnyororo wa Debian mbebaji wa nakala halazimiki kuaminiwa. Anaweza kuwa mtu yeyote, hata mwenye nia mbaya, na bado mpokeaji akajua kama alichopokea ni chenyewe. Hii ndiyo siri inayoruhusu data kusambaa kwa mikono mingi bila kuharibika.

Tujilinganishe. Mara ngapi tunatumia faili ya matini ya Kiswahili iliyotufikia kupitia kwa mwenzetu aliyeipata kwa mwenzake, bila kujua ni toleo gani, nani alisahihisha tahajia yake, na nani alifuta mistari ipi? Tunaandika makala, tunatoa takwimu za marudio ya maneno, na mtafiti mwingine akitaka kuzihakiki hawezi, kwa sababu faili yake si faili yetu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Data bila namba ya toleo na bila sahihi ni mali ya namna hiyo.

6. Uhuru wa data

Mkataba wa Kijamii wa Debian ulipitishwa Julai 1997, pamoja na miongozo ya kupima kama programu ni huria. Swali likabaki: je, miongozo hiyo inahusu programu peke yake, au inahusu kila kilichomo ndani ya mfumo, zikiwamo nyaraka na data? Aprili 2004 wanachama walipiga kura na kuyarekebisha maneno ya mkataba, ikawa wazi kwamba ahadi ya uhuru inahusu mfumo wote. Uamuzi huo ulileta mtikisiko. Kura nyingine iliahirisha utekelezaji wake hadi baada ya toleo la 3.1, lililotoka Juni 2005. Lakini msimamo ulibaki: data nazo sharti ziwe huru.

Maana yake kwetu ni kubwa. Kopasi iliyotolewa kwa sharti kwamba itumiwe na watafiti tu haiwezi kuingia katika hifadhi kuu, kwa sababu miongozo hairuhusu kubagua watu. Kamusi iliyotolewa kwa sharti la kutotumika kibiashara nayo haiwezi, kwa sababu miongozo hairuhusu kubagua shughuli. Matini isiyoruhusiwa kubadilishwa haiwezi pia. Sharti ambalo mtafiti aliliandika kwa nia njema, ili kuzuia unyonyaji, linaweza kuwa ndilo linaloifungia kazi yake nje ya mfumo ambao ungeihifadhi.

Jambo jingine ni chanzo. Miongozo inataka programu iambatane na msimbo chanzo wake. Chanzo cha data ni kipi? Kwa orodha ya maneno, jibu ni rahisi: orodha yenyewe. Kwa kielelezo cha kompyuta kilichofunzwa kutambua usemi au kusoma maandishi, jibu si rahisi: kilichofunzwa ni faili moja ya namba, ilhali kilichokifunza ni maelfu ya saa za sauti au kurasa. Mwaka 2025 wanachama wa Debian walijadili pendekezo la azimio juu ya vielelezo vinavyotolewa bila data zilizovifunza. Pendekezo liliondolewa kabla ya kupigiwa kura. Swali bado liko wazi, na wataalamu wa lugha wanapaswa kushiriki katika kulijibu, kwa kuwa data zinazozungumziwa ni lugha za watu.

7. Kiswahili ndani ya hifadhi

Sasa turudi nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulifanya kazi ya kuzipatia programu huria sura ya Kiswahili. Desemba 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu na maelezo ya Kiswahili. Ilikuwa hatua ya kujivunia, na ilizalisha istilahi ambazo bado tunazitumia.

Leo toleo lile la OpenOffice limepitwa na wakati, kama zinavyopitwa programu zote. Lakini ukiifungua hifadhi ya Debian utakuta kifurushi kiitwacho "hunspell-sw". Ndani yake mna orodha ya kukagulia tahajia ya Kiswahili, na hutumiwa na programu za kuandikia zilizorithi kazi ya OpenOffice. Utakuta pia "tesseract-ocr-swa", data za kuisaidia kompyuta kusoma maandishi ya Kiswahili yaliyopigwa picha. Mwanafunzi wa Kigoma au wa Lamu anaweza kuvipata vyote viwili kwa amri moja, bila kuomba ruhusa kwa mtu, na kuwa na hakika kwamba ni vile vile alivyo navyo mwenzake wa Leipzig.

Kwa nini orodha ya tahajia iliweza kuvuka kutoka programu moja hadi nyingine? Hazikuwa sababu za kiisimu. Iliwekwa katika faili yake, mbali na programu. Ilipewa leseni huria. Iliandikwa katika umbo ambalo programu nyingine ziliweza kulisoma. Kisha watu ambao wengine wao hawajui neno la Kiswahili wakaibeba kutoka toleo hadi toleo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuibeba. Chombo kilizeeka, shehena ikahamishiwa chombo kingine.

Hazina zetu kubwa zaidi hazijafika hapo. Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, iliyojengwa chini ya uongozi wa Arvi Hurskainen, imekuwa tegemeo la tafiti nyingi, na hupatikana kupitia Benki ya Lugha ya Finland. Tunaishukuru Finland kwa ulinzi huo. Lakini nakala iliyo mahali pamoja, hata pakiwa salama namna gani, ni nakala moja. Katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, J. W. T. Allen aliorodhesha miswada na mikanda ya sauti katika katalogi iliyochapishwa mwaka 1970. Mikanda hiyo, na mingine mingi katika ofisi na makabati ya idara zetu, ndiyo data kubwa halisi ya Kiswahili. Kwa upande wa sauti mpya, mradi wa Common Voice wa Mozilla umekuwa ukikusanya rekodi za Kiswahili zinazotolewa bila sharti lolote la hakimiliki. Hapo kuna mfano wa leseni. Kilichobaki ni kufikiria chombo.

8. Tahadhari: kilichotoka hakirudi

Ningekosa uaminifu kama ningesifu usambazaji bila kutaja hatari yake. Faili ikishaingia katika vioo, haiitiki ikiitwa. Debian hata ina huduma ya kuhifadhi matoleo ya zamani ya vifurushi, tangu mwaka 2005, ili watafiti waweze kuirejea hali ya jana. Uwezo huo ni neema kwa programu. Kwa sauti ya bibi aliyesimulia mambo ya jando na unyago, au ya kijana aliyetaja jina la jirani yake katika ugomvi, ni jambo la kutafakari.

Kwa hiyo si kila data ifanywe huru. Idhini ya msimulizi haina budi kuombwa kwa lugha anayoielewa, na kabla ya kurekodi. Aambiwe wazi kwamba sauti yake inaweza kusikilizwa na kunakiliwa na yeyote, popote, daima. Akikataa, data yake ibaki katika hifadhi iliyofungwa, na uamuzi huo uandikwe. Tusichokubali ni hali ya sasa, ambapo data nyingi zimefungwa si kwa heshima ya msimulizi bali kwa usahaulifu wa mtafiti.

9. Mapendekezo

Kutokana na niliyoyaeleza, napendekeza mambo matano kwa taasisi za Kiswahili.

(a) Kila mradi wa data utenge tangu mwanzo data na programu, na uvitenge vile vile vitu vinavyobadilika kwa kasi tofauti: sauti, unukuzi wake, na uchanganuzi wa kisarufi. Sauti haibadiliki, unukuzi husahihishwa kila mwaka. Anayetaka masahihisho ya unukuzi asilazimishwe kupakua upya mamia ya saa za sauti.

(b) Kila toleo lipewe namba, tarehe, orodha ya mabadiliko na sahihi ya kidijitali ya taasisi. Makala zitaje namba hiyo, kama tunavyotaja chapa ya kitabu.

(c) Leseni ichaguliwe kabla ya kukusanya, wala si baada yake, na idhini ya wasimulizi ilingane nayo.

(d) Data ndogo na zenye manufaa kwa wengi, kama orodha za maneno na za istilahi, zipelekwe katika hifadhi za mifumo huria kama Debian. Data kubwa zigawanywe katika sehemu zinazobebeka, kwa eneo au kwa lahaja, na ziwekewe vioo katika vyuo visivyopungua vitatu vya nchi tofauti za Afrika Mashariki.

(e) Shahada zetu za uzamili zifundishe ufungashaji wa data, kama zinavyofundisha mbinu za mahojiano.

10. Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, vizazi vilivyotutangulia vilihifadhi tenzi kwa kunakili. Mswada mmoja ungeliwa na mchwa, lakini nakala zilizokuwa katika nyumba za Pate, Mombasa na Unguja zilisalia, na kutokana nazo wataalamu wameweza kulinganisha na kurejesha. Hakuna aliyewaambia wanakili kwamba wanafanya kazi ya ukarani. Walijua kuwa bila wao hakuna kitakachofika.

Tunaishi katika wakati ambapo kunakili hakuna gharama kubwa, lakini faili zetu ziko hatarini kuliko miswada ile, kwa sababu tumeziacha katika diski moja, bila toleo, bila leseni na bila nakala. Watu wanaojitolea katika Debian wametuonyesha kwamba tatizo hili lina majibu, na kwamba majibu hayo hayahitaji utajiri. Yanahitaji utaratibu, subira, na watu walio tayari kuhesabu mzigo kabla ya kung'oa nanga. Shehena yetu ni lugha ya mamilioni ya watu. Tuifungashe vyema.